Vua mguu kwanza: jinsi ya kuanza michezo baada ya kukatwa kiungo

Swali ninaloulizwa zaidi na watu waliokatwa mguu, yakija mazungumzo ya michezo, ni hili: "Ule mguu wa kukimbilia unapatikanaje?" Wameona kwenye televisheni wanariadha wenye miguu iliyopinda kama mundu, wakahitimisha kwamba bila kifaa kile hakuna michezo. Siwalaumu, na mimi nilikuwa huko huko. Baada ya kukatwa mguu wa kulia chini ya goti nilikaa karibu miaka miwili nikisubiri mguu huo wa kukimbilia, ambao sikuwa na uwezo wa kuununua, huku mwili unanenepa na mgongo unaniuma. Siku nilipokokotwa na rafiki kwenda kwenye mazoezi ya mpira wa wavu wa kukaa, kocha hakuniuliza jina. Aliniangalia akasema, "Vua mguu, kaweke pale ukutani." Ukutani palikuwa na miguu mingine sita imepangwa mstari, yote imevaa viatu.

Michezo mingi ya watu waliopoteza kiungo huchezwa bila kiungo cha bandia. Kwenye mashindano ya kuogelea na ya soka la magongo hakiruhusiwi kabisa. Kwenye mpira wa wavu wa kukaa na mpira wa kikapu wa viti mwendo, wengi hukiona ni mzigo tu. Kwa hiyo safari inaanzia kwenye kigutu chenyewe, yaani sehemu ya kiungo iliyobaki, na mguu wa kukimbilia nimeuweka huku mwishoni, mahali pake.

Hatua ya 1: Pata ruhusa ya kidonda, halafu ya moyo

Kidonda kiwe kimefunga kabisa, nyuzi zimetoka, uvimbe umeshuka. Kama bado kuna tundu hata dogo kama la sindano linalotoa majimaji, usiingie bwawani wala baharini. Daktari aliyekufanyia upasuaji ndiye wa kusema lini, na muda huo hautabiriki kwa kuhesabu wiki, maana wawili waliokatwa siku moja wanaweza kupishana kwa miezi.

Chanzo cha kukatwa nacho kina maneno yake. Aliyepoteza mguu kwenye ajali mara nyingi ana moyo na mishipa mizima. Aliyeupoteza kwa kisukari au mishipa kuziba, asisahau kwamba ugonjwa ulioziba mishipa ya mguu unaweza kuwa umegusa na ile ya moyo. Huyu apimwe moyo kabla hajaanza kutoka jasho. Ukienda kwa daktari usiulize tu "naweza kucheza?" maana utajibiwa "polepole polepole" urudi nyumbani bila chochote. Uliza: mapigo ya moyo yasizidi mangapi? Dalili gani ikinipata nisimame hapo hapo? Dawa zangu, hasa insulini, nizipangeje siku ya mazoezi? Mwenye kisukari apime sukari kabla na baada, awe na kitu kitamu mfukoni, na asikanyage chini bila kiatu hata hatua mbili. Mguu uliobaki ndio wa kulindwa kuliko vyote.

Wakati unasubiri ruhusa kuna kazi ya kufanya kitandani. Lala kifudifudi dakika 20, mara mbili kwa siku. Anayekaa kutwa kwenye kiti, nyonga na goti hukakamaa katika mkunjo, na nyonga iliyokakamaa haitakuruhusu kusimama wima wala kupiga maji vizuri. Mto chini ya goti au paja unaliwaza sana, najua, lakini ndio huo huo unaokunja. Utoe.

Hatua ya 2: Jifunze kukisoma kigutu

Hapa sitaharakisha, maana ndipo wengi wanapoharibikia. Mtu anaanza na ari, anacheza siku tatu mfululizo, siku ya nne ngozi imechubuka, anakaa wiki tatu bila mguu, ari inakufa.

Nunua kioo kidogo cha mkononi. Kila ukivua mguu, angalia kigutu pande zote, hasa nyuma na kwenye ncha ambako macho hayafiki. Utaona wekundu. Wekundu unaofifia ndani ya dakika 10 hadi 15 ni wa kawaida, ni alama ya mahali soketi, lile kombe la mguu wa bandia ambamo kigutu huingia, ilipobeba uzito. Wekundu unaobaki, au wenye joto ukiugusa, au ngozi iliyolainika ikawa nyeupe kama kidole kilichokaa majini, hiyo ni amri: leo mguu hauvaliwi tena. Lengelenge usilipasue. Waliokatwa chini ya goti wachunguze zaidi ncha ya mfupa wa muundi kwa mbele, na kile kifundo cha mfupa upande wa nje chini kidogo ya goti. Hapo mfupa uko karibu sana na ngozi.

Jambo la pili: kigutu hakina saizi moja. Asubuhi kinene, jioni kimepungua, na ukicheza kinapungua upesi zaidi. Kikipungua, unazama ndani ya soketi, ncha inagonga chini na mfupa unaanza kulalamika. Dawa yake ni soksi za kigutu. Zinatofautiana unene, nyembamba na nene, unaongeza moja unapohisi unazama. Anayecheza na mguu wa bandia bila soksi za ziada kwenye begi ni sawa na dereva asiye na tairi la akiba.

Jambo la tatu ni jasho. Soksi ya silikoni, ile inayovaliwa juu ya ngozi ndani ya soketi, hainyonyi kitu. Baada ya nusu saa jasho linakusanyika ndani, na mguu unaanza kuteleza, wakati mwingine ukitoa sauti ya aibu ambayo uwanja mzima unaisikia. Cheka, kaa chini, vua, futa ngozi, futa silikoni, vaa tena. Nilikuwa naona haya kusimamisha mchezo kwa ajili hiyo. Haya hiyo ilinipa lengelenge ukubwa wa sarafu. Ukirudi nyumbani, osha silikoni kwa maji na sabuni isiyo kali, uiache ikauke. Ifanye kila siku.

Na maumivu ya mguu usiokuwepo? Yapo. Wengine mazoezi huyatuliza, wengine usiku wa kwanza yanawaamsha. Kukisugua kigutu kwa kiganja na kukivalisha soksi ya kubana husaidia watu wengi. Lakini ukipata sehemu moja mahususi ambayo ukiibonyeza unarushwa kama umeshika umeme, huenda ni ncha ya neva iliyovimba, na hiyo mpelekee daktari.

Hatua ya 3: Chagua mchezo kwa kilichopo

Usianze na mchezo uliokuwa ukiucheza zamani. Utajilinganisha na yule wa zamani, na utashindwa naye kila siku. Jaribu kwanza kitu ambacho hukuwahi kukijua, ambacho kila kosa ni la mwanafunzi.

Ushauri wangu kwa aliyekatwa mguu, juu au chini ya goti, ni mpira wa wavu wa kukaa. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu uko mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, wachezaji sita kila upande. Sharti kuu ni kwamba unapopiga mpira, makalio yasiachane na sakafu. Umeingia kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu 1980 kwa wanaume, na 2004 kwa wanawake. Uzuri wake ni kwamba ndugu na marafiki wenye miguu yote wanaweza kukaa chini wakacheza nawe, na utagundua kwa furaha kidogo isiyo ya kiungwana kwamba miguu yao inawazuia.

Ugumu wake uko mikononi. Mkono ule ule unaokusogeza ndio unaopaswa kupiga mpira. Anayeanza huweka viganja sakafuni, anajisukuma, mpira unafika, mikono bado iko chini. Mpira unamgonga usoni. Kwa hiyo juma la kwanza usiguse mpira kabisa: kaa, weka viganja pembeni mwa nyonga, vidole vikielekea mbele, jisukume mara moja, inua mikono hadi usawa wa uso. Tena. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Vaa kaptura ndefu ya kitambaa kinachoteleza, na funika kigutu, maana sakafu huchubua.

Soka la magongo ni kwa wenye mapafu. Timu ina wachezaji saba: sita wa ndani wamekatwa mguu na wanakimbia kwa magongo mawili, na kipa amekatwa mkono. Kugusa mpira makusudi kwa gongo huhesabiwa kama kushika kwa mkono, na kigutu nacho hakiruhusiwi kuuchezea mpira. Jifunze kukimbia na magongo kwanza, ndipo uletewe mpira, la sivyo viganja na mabega vitakwisha kabla hujapiga hata pasi.

Mpira wa kikapu wa viti mwendo unatumia kikapu cha urefu ule ule, mita 3.05. Ukisukuma magurudumu zaidi ya mara mbili bila kudunda mpira, umekosa. Kila mchezaji hupewa pointi kuanzia 1 hadi 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, na watano walioko uwanjani jumla yao isizidi 14. Usije na kiti chako cha kila siku. Kiti cha mchezo magurudumu yake yamelala, juu yamekaribiana na chini yametanuka, ndiyo maana hakipinduki kirahisi. Cha nyumbani kitakumwaga kwenye kona ya kwanza.

Kwa aliyekatwa mkono, milango ni mingi kuliko anavyodhani: riadha, mpira wa meza, taekwondo, ukipa wa soka nililotaja, hata baiskeli, mradi fundi aziunganishe breki zote mbili kwenye mpini mmoja. Asiyeamini amtafute Ibrahim Hamadtou wa Misri. Alipoteza mikono yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa na miaka 10, na amecheza mpira wa meza kwenye Paralimpiki ya Rio na ya Tokyo akiwa ameshika kibao kwa meno na kuurusha mpira kwa vidole vya mguu. Angalizo moja tu: mkono ukiwa mmoja mwili huelemea upande, kwa hiyo mazoezi ya mgongo na tumbo yasikosekane.

Hatua ya 4: Maji, kama unayapenda

Natalie du Toit wa Afrika Kusini alikatwa mguu wa kushoto mwaka 2001 baada ya kugongwa na gari. Mwaka 2008 huko Beijing aliogelea kilomita 10 kwenye Olimpiki, pamoja na wenye miguu miwili, bila mguu wa bandia, akamaliza wa 16. Maji hayajali sana umepungukiwa nini.

Sakafu inayozunguka maji ndiyo inayojali. Hatari kubwa iko kati ya chumba cha kubadilishia nguo na ukingo wa bwawa: sakafu imelowa, umevua mguu, unajiambia "ni hatua nne tu, nitarukaruka." Usirukeruke. Weka kiti mwishoni kabisa mwa ukingo, kaa, vua mguu hapo, mpe mtu auweke pakavu, kisha jisogeze kwa makalio hadi ndani ya maji. Ukitumia magongo, kagua ile mipira ya chini. Ikilika, gongo linateleza kama sabuni.

Ukiwa ndani, anzia mahali pa kina kifupi, umeshika ukuta, na mtu amesimama karibu. Lala chali. Utahisi mwili unataka kujiviringisha upande mmoja, kwa sababu uzito wa pande mbili haulingani tena. Usipambane. Nyoosha mkono mmoja, geuza kichwa kidogo, utafute mahali unapotulia. Mguu mmoja uliobaki usipige ukiwa umenyooka nyuma ya nyonga yake, uvute kuelekea katikati ya mwili, ufanye kazi kama usukani wa ngalawa. Anza na kuogelea chali na kuogelea kwa kupishanisha mikono. Mtindo wa chura uache kwanza, teke lake la mguu mmoja hukupeleka kombo.

Hatua ya 5: Jifunze kuanguka

Utaanguka. Bora uanguke mara hamsini juu ya godoro ukiwa na mtu kuliko mara moja kwenye saruji ukiwa peke yako. Unapohisi unakwenda, tupa magongo pembeni yasije yakawa chini yako. Kunja viwiko, usinyooshe mkono ukiwa mgumu, maana hivyo ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika. Geuka uangukie kwenye nyama za paja, makalio au bega, ujiviringishe. Kosa la kila mmoja wetu ni kutanguliza mguu ambao haupo. Ubongo unaukumbuka, unautuma, na kigutu ndicho kinachopokea sakafu. Ndiyo maana inabidi kurudiarudia hadi mwili usahau. Kuinuka nako kunafundishwa: tambaa hadi kwenye kiti au ukuta, shika, pandisha goti la mguu mzima, jisukume.

Hatua ya 6: Wiki sita za mwanzo

Dakika 20, mara mbili kwa wiki, na siku isiyopungua moja ya kupumzika katikati. Baada ya wiki mbili, kigutu kikiwa safi, ongeza dakika tano tano. Ongeza muda kabla ya kasi.

Usishangae kuchoka. Kutembea tu kwa mguu wa bandia ulio chini ya goti kunaweza kula takriban robo zaidi ya nguvu anazotumia mwenye miguu miwili, na juu ya goti inapita nusu. Joto nalo hukupata haraka, kwa kuwa ngozi ya kutolea jasho imepungua na sehemu nyingine umeifunika kwa silikoni. Kunywa maji kabla kiu haijakuita. Pumzika kivulini.

Mabega ni ya kulindwa kama macho, hasa kwa watumiaji wa magongo na viti. Kila siku yanasukuma. Kwa hiyo kwenye mazoezi yavutishe: funga mpira wa kunyoosha kwenye nguzo, uvute viwiko kuelekea nyuma hadi mabapa ya mabega yakaribiane, mara 12, pumzika, rudia. Bega likiuma usiku, punguza mazoezi wiki hiyo bila kujitetea.

Hatua ya 7: Sasa, mguu wa kukimbilia

Wazo lake lilitoka kwa mwenye shida hiyo hiyo. Van Phillips, Mmarekani, alikatwa mguu chini ya goti mwaka 1976 baada ya ajali akiteleza majini, hakuridhika na mguu aliopewa, akabuni wa nyuzi za kaboni unaojikunja unapoubonyeza na kukurudishia sehemu ya nguvu hiyo unaponyanyuka. Ni kama springi. Haukimbii kwa niaba yako.

Kabla hujautafuta, jipime. Unaweza kutembea nusu saa kwa mguu wa kawaida bila kuchechemea na bila wekundu unaobaki? Unaweza kusimama juu ya mguu wa bandia peke yake kwa sekunde chache umeshika ukuta kwa kidole tu? Kama bado, fedha yako itaning'inia ukutani. Na hata ukiupata, ujue hauna kisigino: ukisimama tuli unayumba, inabidi uhamehame kama mtu anayesubiri choo. Kwenye maduka na ofisini hauvaliki.

Kinachoamua kama utakimbia bila maumivu ni soketi kuliko lile tao la kaboni. Mtu mwenye soketi inayomkaa sawasawa na mguu wa kawaida yuko mbele ya mwenye tao la thamani na soketi inayopwaya. Fundi wa viungo bandia atataka uzito wako, kwa kuwa tao huchaguliwa kwa uzito na aina ya mbio. Ukinenepa au ukikonda kilo kadhaa, rudi kwake. Kama kuna mahali pa kuazima na kujaribu, azima kwanza. Anzia kwenye ardhi tambarare, hatua fupi, mita 50, tembea, mita 50 tena.

Hatua ya 8: Kocha, na madaraja

Si lazima kocha awe amewahi kufundisha mtu kama wewe. Inatosha awe msikivu. Mwambie mambo manne siku ya kwanza: umekatwa wapi, kigutu kinaumia sehemu gani, una ugonjwa gani mwingine, na ukisimama ghafla maana yake ni nini. Akianza kukuhurumia na kukusamehe makosa, mwambie pia.

Ukitaka kushindana utapangiwa daraja, ili upambane na watu wenye uwezo wa mwili unaolingana na wako. Kwenye riadha, kwa mfano, anayekimbia na mguu mmoja wa bandia juu ya goti huwa daraja la T63, chini ya goti T64, na waliokatwa mkono wako kati ya T45 na T47. Usijipangie mwenyewe kwa kusoma orodha. Hupangwa na wapimaji, uso kwa uso. Nenda na karatasi zako za hospitali zinazoonyesha ulikatwa wapi na kwa sababu gani, nenda na vifaa unavyochezea, na uvae kaptura, maana watataka kukiona na kukipima kigutu chenyewe.